Unakwenda na nani, mwanangu? Neno kwa wazazi na wanafunzi mwanzoni mwa muhula wa mwisho



Sikukuu ya Pasaka imepita, Aleluya ingali midomoni mwetu, na kengele za mashule zimelia tena. Wadogo wa shule ya msingi wanaanza trimesta ya tatu. Wakubwa wa sekondari wanaingia miezi ya mwisho ya semesta yao ya pili. Huu ndio muhula ulio mzito kuliko yote. Mtoto wa mwaka wa sita ana mtihani wake mbele ya macho. Kaka yake anayemaliza sekondari anangoja Mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat, nao ni kama mto mpana: kila kijana wa Kongo atakaye kuingia chuo kikuu hana budi kuuvuka. Wazazi nao wanahangaika juu ya karo, viatu, madaftari na mafuta ya taa.

Hayo mwayajua, na kila mwaka twasema juu yake. Leo nataka kusema juu ya kitu kimoja ambacho shule haikiandiki katika orodha ya vitu vya mwanafunzi, lakini mara nyingi kimo mfukoni mwake: telefoni yenye intaneti.

Pengine mwangoja nianze kuilaani. Sitailaani. Eklezya haikuwa na desturi ya kulaani vyombo ambavyo akili ya binadamu imevitengeneza. Tarehe 8 Septemba 1957 Papa Pio XII aliandika barua kwa Eklezya yote juu ya sinema, radio na televisheni. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ukatoa hati yake iitwayo Inter mirifica juu ya vyombo hivyo hivyo. Fundisho la hati hizo ni moja: vyombo hivi ni zawadi za Mungu, nao wazazi wapashwa kukesha ili kitu chenye kudhuru kisivuke kizingiti cha nyumba yao. Na tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimweka katika hesabu ya Watakatifu kijana Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15. Kijana huyo alikaa mbele ya ordinatere yake akikusanya habari za miujiza ya Ekaristi, apate kuwaonyesha watu duniani kote. Basi mtu asiseme kwamba intaneti ni mali ya Shetani. Tena tusisahau mwezi wa Machi 2020, mashule yetu yalipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona: wako wanafunzi waliopata somo lao kwa njia ya telefoni tu.

Lakini kila njia ina wasafiri wake, wema na wabaya. Hapo nataka mfungue pamoja nami kitabu cha Tobiti katika Agano la Kale.

Tobiti alikuwa mtu mwadilifu, aliyechukuliwa mateka mpaka mji wa Ninawi. Huko alipofuka: mavi ya ndege yaliangukia macho yake, na waganga hawakuweza kumponya. Akawa maskini. Kisha akakumbuka kwamba zamani aliweka fedha kwa mtu mmoja katika nchi ya mbali, nchi ya Media. Akamwita mwanawe Tobia, akamwagiza aende kuileta. Kijana hakuijua njia. Baba hakusema: "Wewe ni mkubwa, utajitafutia." Alimwambia atafute mwenzi wa safari, mtu wa kuaminika. Tobia akatoka, akamkuta kijana mmoja amesimama tayari, akampeleka nyumbani. Na yule mzee kipofu, asiyeweza kuona uso wa mgeni wala nguo zake, akaanza kumwuliza: Wewe ni wa kabila gani? Ni wa ukoo gani? Baba yako ni nani? Hakumwachilia mwanawe mpaka alipojibiwa.

Wazazi wapenzi, mwangalieni mzee huyo. Wengi wenu mwaniambia: "Padri, mimi sijui mambo ya telefoni. Sikusoma. Mtoto wangu ananishinda. Nitamlindaje katika kitu nisichokiona?" Tobiti naye hakuona kitu. Alikuwa na mdomo wa kuuliza, na mapendo ya baba yaliyomsukuma aulize. Kumlinda mtoto hakuhitaji kwanza ufundi wa vyombo. Kwahitaji swali lile lile: unakwenda na nani, mwanangu? Huyu anayekuandikia usiku ni wa nyumba gani? Ulimjulia wapi? Umepata kuonana naye uso kwa uso?

Hapa mjanja mmoja atanijibu: "Lakini Padri, yule mgeni alijiita Azaria mwana wa Anania, kumbe alikuwa malaika Rafaeli. Tobiti aliuliza, naye hakuambiwa jina la kweli!" Umesoma vizuri, ndugu yangu. Malaika alificha jina lake kwa agizo la Mungu, apate kutenda mema, na mwisho akajifunua mwenyewe mbele ya Tobiti na mwanawe. Lakini tazama: yeye aliingia nyumbani, akasimama mbele ya baba na mama, akakubali kuulizwa. Wale wanaoficha majina yao katika intaneti wakataka kumpata mtoto, jambo la kwanza wanalomwambia ni hili: "Usiwaambie wazazi wako." Kwa alama hiyo utawatambua. Bwana wetu Yesu Kristu alitufundisha hivyo katika Injili ya Yohane, sura ya kumi, ambayo Eklezya huisoma siku hizi za Pasaka, Dominika ya Mchungaji Mwema: mchungaji hupita mlangoni, naye mwivi hukwea mahali pengine.

Basi mwivi huyu hukweaje? Yafaa niseme waziwazi, kwani aibu ya kusema imewadhuru watoto wengi.

Tuseme kuna msichana wa miaka kumi na minne, mbatizwa, mwimbaji wa kwaya. Jioni milango ya nyumba imefungwa, baba ameweka komeo, wote wamelala. Chini ya shuka telefoni inawaka. Kijana asiyemjua ameomba kuwa rafiki yake. Picha yake ni nzuri, asema anasoma katika mji mwingine. Siku za kwanza anamsifu na kumwuliza habari za shule. Akisikia kwamba mama amemgombeza, anamwonea huruma: "Mimi nakuelewa kuliko wao." Pengine anamtumia mega, au franka kidogo. Baada ya siku kadha aomba picha. Kwanza picha ya uso. Kisha picha nyingine, ambayo mtoto hangependa mama yake aione. Siku ile picha hiyo inapotoka mikononi mwa mtoto, rafiki anageuka kuwa bwana mkali: "Nitumie fedha kwa telefoni, au nitumie picha nyingine mbaya zaidi, au njoo tuonane mahali fulani. Ukikataa, darasa lote litaiona, na baba yako, na Padri wako." Na wakati mwingine picha si ya kweli hata kidogo: siku hizi iko mitambo inayoweza kuuchukua uso wa mtoto katika picha ya Kipaimara na kuutia katika picha chafu. Wavulana wasidhani kwamba mtego huu ni wa wasichana peke yao. Nao wananaswa, tena mvulana hufungwa mdomo zaidi, kwani aona haya kusema kwamba ameogopa.

Mtoto huyo asubuhi anakwenda shuleni. Mwalimu aandika hesabu ubaoni, yeye haioni. Alama zake zinashuka. Nyumbani wanasema: "Amekuwa mvivu, na mtihani umekaribia!" Kumbe amebeba mzigo ambao hata mtu mzima ungemvunja mgongo.

Mwivi huyo anaishi kwa hofu ya mtoto. Hana panga, hana bunduki, na mara nyingi hayuko hata katika mji ule. Silaha yake yote ni hii: ajua kwamba mtoto atawaogopa wazazi wake kuliko anavyomwogopa yeye. Mzazi anayesema kila siku, "Nikisikia jambo la aibu juu yako nitakuvunja," bila kujua anampa mwivi yule fimbo yake mwenyewe.

Wako wazazi wa namna mbili wanaokosa hapa. Wa kwanza ni yule anayelala. Amempa mtoto telefoni apate kunyamaza, kama mtu anayempa mtoto mchanga ufunguo aucheze. Wa pili ni yule anayepiga. Akigundua jambo, anavunja telefoni ukutani, anamchapa mtoto mbele ya majirani, anamtoa shuleni katika miezi ya mwisho ya mwaka. Wa pili ajiona mkali na mwema. Lakini mimi nadhani, wandugu, kwamba huyo anadhuru zaidi. Wadogo wanaotazama wamekwisha kujifunza: hapa nyumbani, ukiingia katika shida, nyamaza.

Tobia naye alipatwa na hatari njiani. Alipofika mto Tigri, samaki mkubwa aliruka majini akitaka kumla. Kijana alifanya nini? Alipiga kelele. Na mwenzi wake hakumkemea kwamba ameingiaje majini bila ruhusa. Alimwambia amkamate samaki asimwachilie. Akamkamata, akamvuta nchi kavu. Watoto wangu, sikieni vema: pigeni kelele. Mwambie mama, kama mama ni vigumu, mwambie shangazi, bibi, mwalimu umwaminiye, mama wa Legio, katekista. Mtu akikutishia kwa picha, usimpe fedha hata franka moja, kwani akipokea leo atarudi kesho. Usimpe picha nyingine ili kuikomboa ya kwanza. Usifute maneno yake: yatunze, pamoja na jina na namba anayotumia, kwani hayo ndiyo ushahidi. Kisha umfungie njia asikuandikie tena, na mkubwa wako apeleke habari kwa wenye mamlaka. Nchi yetu ina sheria juu ya mambo haya. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtoto aliye chini ya miaka 18. Na Sheria ya dijitali, namba 23/010, ya tarehe 13 Machi 2023, yawaadhibu wale wanaosumbua watu kwa njia ya vyombo hivi na wale wanaoeneza picha chafu za watoto. Mkosaji ni mwivi, si mtoto aliyeibiwa.

Nina neno jingine kwa wanafunzi, nalo si la kubembeleza. Mwivi wa mbali hupata nguvu kwa sababu ya wenzi wa karibu. Picha ya aibu ikiingia katika kikundi cha WhatsApp cha darasa, ni nani anayeieneza? Si mgeni. Ni wewe, unayepokea Komunyo Takatifu kila Dominika. Wasema: "Mimi sikuitengeneza, nimeituma tu." Ukiona nyumba ya jirani inawaka, ukachukua kaa ukaipeleka nyumba ya pili, utasema hukuwasha moto? Amri ya sita na amri ya tisa zinalinda usafi wa moyo. Amri ya nane yalinda jina la mtu. Anayeeneza picha ya mwenzake amezivunja kwa kidole kimoja, na sheria ya nchi inaweza kumshika pia. Ukipokea kitu cha namna hiyo, kiishie kwako. Usikicheke, usikitume, mwambie mkubwa mara moja, kisha mwendee yule msichana au yule mvulana, mketi naye katika kiti kimoja darasani. Huenda utaokoa uzima wake.

Na kwa kuwa mtihani uko karibu, mjihadhari na mwivi mwingine anayestawi majira haya. Ndiye anayeuza maswali ya Mtihani wa Serikali katika telefoni kabla ya siku yenyewe. Mara nyingi maswali hayo ni ya uongo, na kijana anapoteza fedha ambazo mama yake alizipata kwa kuuza mihogo. Yangekuwa ya kweli, ingekuwa hasara kubwa zaidi: ungenunua diploma kwa wizi na kuanza maisha ya mtu mzima juu ya uongo. Hapo mkumbukeni Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Waliletwa watu na fedha ili aachilie vyakula vilivyooza. Akakataa, na mwaka 2007 wakamwua, akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Tarehe 15 Juni 2025 Eklezya ilimtangaza Mwenye heri huko Roma. Fedha ile angeweza kuipokea kwa siri. Siku hizi dhambi nyingi za vijana zinatendwa namna hiyo, katika chumba chenye giza, kwa kidole gumba, mbele ya kioo kidogo. Ajifunzaye kukataa mahali asipoonekana na mtu, huyo ameushinda mtihani ulio mgumu.

Turudi kwa wazazi. Mtaniuliza: tufanye nini jioni ya leo? Haya ni machache, na maskini ayaweza kama tajiri. Telefoni ilale katika chumba cha wazazi, wala si chini ya mto wa mtoto. Katika miezi hii ya mtihani hata usingizi wake unaihitaji amri hiyo. Mtoto aitumie sebuleni au uani, mahali watu wanapopita. Asiandike kamwe kwa mtu asiyemjua jina la shule yake, mtaa wake, wala njia anayopita akirudi nyumbani. Asimpe mtu neno lake la siri, hata rafiki. Mtu wa intaneti akitaka kuonana naye, au akimwahidi kazi ya mbali, bursi au nafasi ya kucheza mpira Ulaya, aje kwanza nyumbani kuketi kitini mbele ya baba, kama Azaria.

Na lililo bora: ketini karibu na mtoto, mwambie akufundishe. "Nionyeshe, hiki ni nini? Hawa ni nani? Huyu anachekesha kwa nini?" Msione haya. Katika kitabu cha Tobiti, ni nani aliyeyafumbua macho ya mzee? Mwanawe mwenyewe, aliporudi safarini na nyongo ya samaki yule yule aliyetaka kumla. Baba aliyemwuliza mwanawe kwa upole mwanzoni mwa safari, mwishoni aliona nuru kwa mikono ya mwana huyo.

Waalimu na makatekista, ninyi pia mna sehemu yenu. Mwalimu asiwe na mazungumzo ya faragha ya usiku na mwanafunzi; habari za shule ziandikwe katika kikundi, mahali wote wanaposoma. Kanuni hiyo yatuhusu pia sisi mapadri, mabruda na masista, wala mtu asiogope kutuuliza kwa sababu ya kanzu. Mwezi wa Oktoba 2017, huko Roma, katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, wataalamu wa nchi nyingi walikutana juu ya heshima ya mtoto katika ulimwengu wa dijitali, na Papa Fransisko akawapokea na kusema nao. Eklezya imejifunza kwa machozi kwamba mbwa-mwitu huweza kuvaa hata nguo za mchungaji. Mzazi aulizaye, "Padri, wamwandikia mtoto wangu kwa sababu gani?" hajamkosea Padri.

Imebaki neno moja, nalo ni kwa mtoto ambaye amekwisha kunaswa, naye ananisikiliza sasa akiinamisha kichwa. Mwanangu, hukupotea. Kama ulitenda dhambi, iko Sakramenti ya Kitubio, na Padri hawezi kulitoa neno lako nje hata akiuawa. Kama ulitendewa dhambi, hapo huna cha kuungama. Una cha kusimulia, na mtu wa kukusaidia. Usitazame mtoni kana kwamba ndiko kwenye pumziko. Tazama nyumbani.

Siku zile Tobia alipokawia kurudi, mama yake Anna hakula vizuri wala hakulala. Kila siku alitoka, akaketi akiikodolea macho njia ile mwanawe aliyoipita. Ndiye aliyemwona wa kwanza, angali mbali, na mbwa wake nyuma yake. Kitabu hakisemi kwamba alimwuliza sababu ya kukawia. Kinasema alikimbia, akamwangukia shingoni.